Udahili wa Vyuo Viwili: Namba ya Siri ni Mali ya Mwombaji

Mwombaji wa shahada ya kwanza nchini Tanzania akichaguliwa na vyuo vikuu viwili kwa mpigo, mwenye haki ya kuamua aende wapi ni yeye. Mjomba anayelipa ada anaweza kushauri na chuo kinaweza kujinadi, lakini uamuzi hauwi wao. Tangu mwaka 2017, ulipofutwa mfumo wa pamoja wa udahili uliokuwa ukiendeshwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni, na mtu huomba vyuo vingi kadiri mfuko wake unavyoruhusu. Kuchaguliwa mara mbili au tatu kwa hiyo si kosa, wala hakumwondolei mtu sifa. Anachotakiwa kufanya ni kuthibitisha chuo kimoja ndani ya muda unaotangazwa na TCU kila mwaka baada ya majina kutoka.

Kwa jicho la sheria, chuo kinapomchagua mtu kimetoa pendekezo, na mtu anapothibitisha amelikubali. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inadai ridhaa ya hiari. Aliyekubali kwa kutishwa, kwa kudanganywa au kwa kupewa maelezo ya uongo anaweza kuutangua mkataba. Tena mtu hafungwi na tendo la wakala ambaye hakumtuma. Lakini akishalijua tendo hilo kisha akalipokea, kwa maneno au kwa vitendo, linakuwa lake. Wengi huumizwa na kanuni hii ya mwisho, kwa sababu huripoti chuoni kwanza na kulalamika baadaye.

Mtego mkubwa umo kwenye namba ya siri ya kuthibitishia. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu kwa ujumbe mfupi au kwa barua pepe. Huingia kwenye akaunti yake katika chuo anachokitaka, akaiandika, na vyuo vingine vinamwachia. Kazi hiyo ni ya dakika chache na haina malipo. Ila namba hutumwa kwenye simu iliyoandikwa siku ya kuomba, na mara nyingi simu hiyo si ya mwombaji.

Mambo huenda hivi. Mhitimu wa kidato cha sita asiye na simu janja anaingia steshenari iliyo jirani na stendi. Mhudumu anamuuliza namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, anafungua akaunti, na kwenye nafasi ya simu anaandika namba yake mwenyewe, eti mambo yaende haraka. Nywila anayoweka ni ileile anayowawekea wateja wote. Kijana analipa, anapewa karatasi moja iliyochapwa, anarudi nyumbani. Wiki kadhaa baadaye ujumbe unaingia kwenye simu ya mhudumu.

Kuanzia hapo huzuka biashara mbili, zote haramu. Ya kwanza ni kumtoza kijana fedha ili apewe namba ambayo tayari ni yake. Ya pili ni mbaya zaidi: wakala anayelipwa na chuo kwa kila kichwa anachopeleka huthibitisha kwa niaba ya kijana kule kunakomlipa yeye. Wapo hata wanaojikuta wamechaguliwa na chuo ambacho hawakukiomba kabisa, kwa kuwa mtu alipata namba yao ya mtihani akawafungulia akaunti. Kuuita ujanja huu huduma ni kuufunika. Ni wizi wa maamuzi ya kijana mwenye miaka 19, na vyuo vinavyowapokea wanafunzi wa namna hii bila kuuliza vinafaidika na wizi huo.

Sheria zinazogusa vitendo hivi zipo. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa, au kujifanya ni yeye mtandaoni, ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kutumia taarifa za mwombaji kwa lengo ambalo hakuliridhia kunakatazwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ofisa wa udahili anayedai "chai" ili atume namba upya au arekebishe simu anatenda kosa la rushwa, hata kama chuo chake ni cha binafsi, na Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) hupokea taarifa bure kwa namba 113.

Kwa mwombaji, hata hivyo, jinai ni ya baadaye. Kwanza ni kuokoa nafasi. Ambaye hakupata namba ya siri anaweza kuomba itumwe tena kupitia mfumo wa chuo kilichomchagua. Kama simu iliyosajiliwa si yake, ofisi ya udahili inatakiwa kuandikiwa ibadilishwe, barua ikiambatana na kitambulisho na nakala ya cheti. Aliyekuta amethibitishwa asikotaka anapaswa kuchukua hatua siku hiyohiyo: asilipe ada, asijisajili, aviandikie vyuo vyote viwili akieleza kuwa hakuthibitisha yeye na anaomba uthibitisho ufutwe, nakala iende TCU. Mifumo ina njia ya kufuta uthibitisho wakati dirisha likiwa wazi. Likishafungwa, mlango huwa mwembamba mno. Picha ya ujumbe, risiti ya steshenari na barua yenye mhuri wa mapokezi ndivyo vitakavyomsemea.

Mtego mwingine ni fedha ya "kushika nafasi". Baadhi ya vyuo huwaambia waliochaguliwa kwamba bila kutanguliza sehemu ya ada hawataweza kuthibitisha. Hilo si kweli. Kuthibitisha ni jambo moja na kulipa ada ni jingine. Aliyelipa kwa kuambiwa uongo huo ana hoja ya kurudishiwa chake, na chuo hakiwezi kujificha nyuma ya sentensi ndogo isemayo ada hairudishwi. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo inakataza kuwapotosha wateja. Malipo yoyote hupitia namba ya malipo au akaunti ya chuo, kamwe si simu ya mtu.

Kuhusu mkopo, ahadi za mawakala hazina uzito. Bodi ya Mikopo (HESLB) ndiyo inayopanga nani apate na kiasi gani, na ambaye bado ana nafasi zaidi ya moja hubaki akisubiri hadi athibitishe. Mkopo hutolewa kwa viwango, kwa hiyo si lazima ujaze ada yote, na pengo linalobaki kwenye chuo cha ada kubwa ni deni la familia. Kuhama baadaye kunaruhusiwa kama mwanafunzi ana sifa za programu anayoiendea na nafasi ipo, ila fedha za mkopo nazo lazima zihamishwe, na bumu, yaani fedha ya kujikimu, linaweza kuchelewa huku kijana akiishi kwa kukopa.

Kabla ya kuthibitisha, programu yenyewe itafutwe kwenye Mwongozo wa Udahili wa TCU. Jina la chuo pekee halitoshi, kwa sababu chuo kinaweza kuwa halali na programu isiwemo. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Kwa fani kama udaktari na uhandisi, baraza au bodi ya taaluma iulizwe pia, maana shahada isiyokubalika huko haimpi mtu leseni.

Kasoro kubwa imo kwenye utaratibu wenyewe. Haki nzito kama hii ya kuchagua chuo imetundikwa kwenye tangazo la kila mwaka, na matangazo hayo humwelekeza mwenye malalamiko ya udahili arudi kwenye chuo husika. Maana yake aliyechukuliwa bila ridhaa akamlalamikie aliyemchukua. Mahakama Kuu inaweza kupitia uamuzi wa chombo cha umma, lakini lazima kwanza kiombwe kibali, ndani ya miezi 6, na shauri linapofika kusikilizwa wenzake wako muhula wa pili. Sheria inapaswa kuipa TCU wajibu wa kusikiliza malalamiko ya uthibitisho ndani ya siku chache, na mifumo ikatae namba moja ya simu kubeba waombaji kadhaa. Ni marekebisho mepesi, na kuyachelewesha ni kuwalinda madalali.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuandikiwa barua na msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, bila malipo. Na ambaye nafasi zote mbili zimempita kwa kukosa namba anaweza kuomba tena katika awamu inayofuata ya udahili, kwenye programu ambazo bado hazijajaa, safari hii kwa simu yake mwenyewe au ya mzazi.