Kabla Hujanunua Pedi, Soma Diski

Safari hii swali limeshuka kutoka Lushoto. Mdogo wetu mmoja ana baiskeli ya milimani yenye breki za diski. Huteremka nayo kutoka huko kupitia Soni hadi Mombo, na siku nyingine hukata njia za msituni. Sasa breki ya nyuma imeanza kukwaruza, chuma kwa chuma. Fundi ameitazama, akasema pedi zimekwisha, na kwa bahati anazo za metali, "imara, utasahau habari ya pedi." Mdogo wetu anauliza: dada, nizichukue?

Usizichukue kwanza. Si kwamba fundi wako ni mwongo. Pedi ya metali kweli hudumu, nami ninazo kwenye baiskeli yangu. Ila kuna swali hakukuuliza, nalo ndilo linaloamua kila kitu: diski yako ni ya aina gani?

Piga magoti kando ya baiskeli iliyosimama. Iliyosimama, nasema, maana kidole kikiingia kwenye diski inayozunguka kinaweza kubaki humo. Zungusha gurudumu taratibu ukisoma maandishi madogo yaliyochorwa kwenye chuma. Diski nyingi za Shimano za bei ya chini, hizi zinazokuja na baiskeli tangu kiwandani, zimeandikwa "Resin Pad Only", yaani zinataka pedi za rezini na si nyingine. Ukiyaona maneno hayo, mjadala wa metali umekwisha. Ukikuta diski haina jina wala maandishi yoyote, ichukulie kuwa nayo ni ya rezini mpaka mtu akuthibitishie vinginevyo.

Sababu yake ni hii. Pedi ya rezini ni mchanganyiko wa nyuzinyuzi na unga uliogandishwa kwa gundi ngumu. Pedi ya metali ni chembe za chuma, shaba nyingi ndani yake, zilizoshindiliwa kwa joto kali mpaka zikashikana. Diski ya bei nafuu haikutengenezwa kupambana na chembe hizo, kwa hiyo pedi itabaki nzima na diski ndiyo italiwa. Kwenye diski hiyohiyo tafuta tena maandishi "Min.TH=1.5". Diski mpya ya Shimano huwa na unene wa milimita 1.8 hivi, ikishuka hadi 1.5 inatupwa. Umeona nafasi uliyonayo? Milimita 0.3, pande zote mbili kwa pamoja. Pedi ya "kusahau" itakukumbusha kwa kukununulisha diski, na diski ni ghali kuliko pedi.

Sasa njoo kwenye umbo, maana hapa ndipo watu wengi wanaporudi nyumbani na pedi isiyoingia. Hakuna pedi ya "baiskeli ya milimani" kwa ujumla. Kuna pedi ya kalipa fulani, yaani kile kibanio kinachoshika pedi. Soma ubavuni mwa kalipa au kwenye mkono wa breki. Baiskeli nyingi za bei ya kati zina Shimano MT200, na kwenye kalipa utaona BR-MT200. Hiyo hutumia pedi za mstatili ambazo zamani ziliitwa B01S, zikaja B03S, kisha B05S. Umbo ni lilelile, kwa hiyo muuzaji akikuambia B01S hana lakini B05S anayo, chukua bila wasiwasi. Lakini kalipa ya Shimano yenye pistoni nne hutaka pedi ndefu zaidi za herufi nyingine kabisa, na zile huwezi kuzilazimisha hata ukizipiga tupa usiku kucha.

Wala usidanganywe na majina. Breki ya Avid BB7 huvutwa kwa waya, Avid Juicy husukumwa kwa mafuta, na bado zote mbili hutumia pedi moja. BB5, ambayo kwa jina ungedhani ni pacha wa BB7, ina pedi yake tofauti. Kwa hiyo, mdogo wangu, kama husomi vizuri maandishi au yamefutika, chomoa pedi ya zamani, ifunge kwenye karatasi, nenda nayo dukani, uiweke juu ya mpya. Angalia bati la nyuma: kingo, masikio, tundu la pini, vyote vilingane. Neno "inafanana" likitoka mdomoni mwa muuzaji, wewe endelea kulinganisha.

Na feki zipo, tusijifiche. Pedi halisi ya Shimano ina msimbo wake umechapwa nyuma ya bati. Mimi pia hutazama pale rezini inapokutana na bati: ukiona ufa au kona iliyoanza kubanduka, irudishe, maana ikibanduka ukiwa mteremkoni utabaki na bati tupu. Hata hivyo pedi za kampuni nyingine si lazima ziwe feki. Ziko kampuni zinazotengeneza pedi nzuri tu kwa maumbo ya Shimano na ya SRAM, tena kwa bei ya kuridhisha. Huko ndiko fundi wako alikopata za metali zinazoingia kwenye kalipa yako. Kuingia zinaingia. Diski ndiyo isiyozitaka.

Turudi kwenye mteremko wako, maana huo ni mrefu, zaidi ya kilomita 30 za kona na ukingo wa bonde. Hapa metali ina haki yake, nami sitaki uondoke ukidhani rezini inashinda kila mahali. Rezini hushika vizuri tangu mguso wa kwanza, hata ikiwa ya baridi, na haina kelele. Udhaifu wake ni joto na matope. Ukiibana dakika nyingi mfululizo huchemka, uso wake hung'aa, na breki inaanza kuvutwa tu bila kushika. Wakati wa masika, udongo ule mwekundu ukichanganyika na maji unakuwa msasa mtupu. Pedi ya rezini iliyokuwa na nusu ya maisha yake asubuhi inaweza isifike jioni. Metali huvumilia yote mawili. Kasoro zake ni kwamba hupiga kelele ikilowa, hushika kwa uvivu kabla haijapata moto, na hupeleka joto zaidi kwenye kalipa. Kuna pia za nusu metali, zinazokaa katikati, lakini kwa diski yenye maandishi yale sizipendekezi, kwa sababu maandishi hayakusema "nusu".

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningefanya hivi: ningenunua rezini jozi mbili, moja ya kufunga leo na moja ya kukaa kwenye mkoba. Kisha ningeweka akiba ya diski ya mbele inayokubali metali, ili masika yajayo gurudumu linalofanya kazi kubwa ya kusimamisha liwe na pedi ngumu. Ukienda kununua diski hiyo, angalia kipenyo kiwe kilekile, 160 au 180, na namna inavyofungwa: zipo za boliti sita na zipo za Center Lock zenye meno katikati.

Ila pedi yoyote utakayofunga itakufa mapema ukishuka kwa kubana breki ya nyuma kuanzia Lushoto hadi chini. Najua kwa nini mnafanya hivyo: mmeambiwa ya mbele inapindua mtu. Ya mbele ikivutwa kwa ghafla, mikono imelegea na kiuno kiko mbele, ndiyo, itakupindua. Rudisha kiuno nyuma, vuta zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia kabisa ili diski ipoe kwa upepo. Na kabla hujazoea, hakikisha mkono upi ni upi. Baiskeli nyingi zinazouzwa kwetu kama mpya zina ya mbele mkono wa kulia, lakini za mtumba kutoka bara la Ulaya mara nyingi zimegeuzwa.

Sasa nisikilizeni wote, hata msio na baiskeli ya milimani. Pedi nyingi ninazoletewa zikilalamikiwa kwamba "hazishiki" bado ni nene kabisa. Kilichoziua ni mafuta. Rezini hunyonya mafuta kama mkate kwenye mchuzi, na hayatoki tena kwa sabuni. Watu watakwambia uzichome kwa moto au uzipige msasa. Msasa unasaidia pedi iliyong'aa kwa joto, ndiyo. Iliyolowa mafuta hupona safari mbili kisha inaanza tena kulia na kuteleza. Itupe.

Na mafuta yanatoka wapi? Kwa mwosha baiskeli anayepulizia dizeli kwenye mnyororo, ukungu wake ukatua kwenye diski. Kwa fundi anayeshika diski na mkono wa grisi. Kwa hisani ya rafiki aliyeona breki inalia akaidondoshea oili "ilainike" (Mungu atusaidie). Na kwenye buti la basi, baiskeli imelazwa pembeni ya dumu la mawese lililofungwa kwa mfuko. Ukisafiri na baiskeli, valisha kalipa na diski mfuko wa plastiki. Kama umechomoa gurudumu na breki yako ni ya mafuta, chomeka kipande cha boksi kilichokunjwa kati ya pedi, maana mtu akibana ule mkono wa breki gurudumu likiwa halipo, pistoni zitasogea zikutane na hutaweza kurudisha gurudumu. Diski yenyewe isafishe kwa spiriti na kitambaa kisafi, kitambaa ambacho hakijawahi kuona mnyororo.

Kufunga si kazi kubwa. Ondoa gurudumu, na kabla hujachomoa pedi za zamani, zitumie kusukumia pistoni ndani kwa kitu cha plastiki kama kijiti cha kutolea tairi. Ukitumia bisibisi moja kwa moja kwenye pistoni unaweza kuipasua. Ikigoma kurudi, huenda mtu aliongeza mafuta pedi zilipokuwa zimeisha, sasa hayana pa kwenda. Hapo mwite fundi, na mwulize anaweka mafuta gani, kwa sababu Shimano hutaka mafuta yake ya madini na breki nyingi za SRAM hutaka DOT, na hayo hayachanganywi hata tone. Chomoa pini, toa pedi na springi yake, weka mpya bila kugusa uso wake, rudisha pini na kufuli lake. Rudisha gurudumu kwanza, kisha pampu mkono wa breki mpaka ukazane.

Wewe wa Lushoto una kazi moja ya ziada. Breki yako imeshakwaruza chuma, yaani umepita zamani ile milimita 0.5 ya pedi ambayo Shimano wanasema ndiyo mwisho. Diski ikiwa ya baridi, pitisha ukucha juu yake. Mikwaruzo midogo si neno. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, au unene umeshuka hadi 1.5 au chini yake, hiyo diski ya akiba ya mbele niliyokwambia isubiri, uanze na ya nyuma.

Umeuliza pia kama ubadilishe za mbele kwa kuwa umeshafungua mkoba. Zikiwa zimebaki zaidi ya milimita moja na hazijaona mafuta, ziache. Kila gurudumu hubadilishwa kivyake. Kinachobadilishwa pamoja ni pedi mbili za gurudumu moja, hata kama moja inaonekana nzima.

Na siku ya kwanza usishuke. Pedi mpya haishiki ipasavyo mpaka iache utando wake kwenye diski. Tafuta mahali tambarare, uwanja wa mpira unatosha, endesha mwendo wa wastani kisha vuta breki hiyo kwa nguvu mpaka ukaribie mwendo wa mtu anayetembea, bila gurudumu kufunga wala kusimama kabisa. Rudia mara 20 hivi, halafu mara 10 nyingine kwa mwendo mkali zaidi. Utasikia mkono wa breki ukibadilika katikati ya zoezi. Soni uiendee kesho yake.