Tangazo la Kulipia Mtandaoni: Mzigo Uwe Ghalani Kwanza

Msimu wa kahawa unapofunguliwa Karagwe na Kyerwa, kwa kawaida kati ya Mei na Juni, fedha ya mfanyabiashara mdogo hudaiwa na wengi kwa wakati mmoja. Kuna kahawa ya kununua, kiwanda cha kukoboa cha kulipa, magunia na nauli ya gari. Siku hizi limeongezeka dai jingine: tangazo la kulipia katika Facebook na Instagram. Suala si kama mtandao unafaa. Suala ni lini shilingi itoke mfukoni kwenda huko.

Jibu linategemea kwanza ni nani anayenunua. Anayepakia ndizi au maharage kwa lori ana wanunuzi wachache, na wengi wao anawafahamu kwa majina. Kumlipia tangazo mtu wa namna hiyo ni kupiga kelele gulio zima ukimtafuta mtu mmoja. Simu, kundi la WhatsApp na dalali mwaminifu vinamtosha.

Kwa anayevusha maharage Murongo kuelekea Kikagati, hasara huwa kubwa zaidi. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, na kwa miaka iliyofuata walioendelea kuitumia huko walilazimika kupitia njia za kuzunguka. Aidha, kuna Isingiro ya Kyerwa na kuna Wilaya ya Isingiro ng'ambo ya mpaka. Asiyekuwa makini wakati wa kuchagua eneo la tangazo ataitangazia nchi asiyoikusudia.

Kahawa ghafi nayo haihitaji tangazo. Kahawa ya wakulima hukusanywa na vyama vya msingi vilivyo chini ya KDCU na kuuzwa mnadani, ambako wanunuzi wenye leseni hushindana kwa bei. Picha nzuri ya kahawa mtandaoni haiongezi hata senti katika mnada huo.

Hali hubadilika kahawa inapokaangwa, kusagwa na kutiwa katika paketi. Mnunuzi wa paketi yuko Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam, hamjui muuzaji, na ananunua kidogo kidogo. Hapo ndipo tangazo la kulipia linapoanza kuwa na maana, lakini hesabu itangulie.

Tuchukue mfano. Mkaangaji wa Kayanga anauza paketi ya gramu 250 kwa Sh 8,000. Kahawa, ukaangaji, paketi na lebo vimemgharimu Sh 5,000, na kutuma kwa basi, mzigo ukiwa na paketi nyingi pamoja, Sh 500 kwa kila moja. Anabakiwa na Sh 2,500. Akilipia tangazo la Sh 100,000, anaongezewa VAT ya asilimia 18, kwani Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliyaingiza matangazo ya kampuni za nje katika kodi hiyo. Mdogo asiyesajiliwa VAT hairudishiwi. Jumla ni Sh 118,000, na ili fedha hiyo irudi lazima paketi 48 ziuzwe kutokana na tangazo hilo pekee.

Ni nadra kuuza zote 48 mara moja. Tuseme tangazo limeleta wateja 20, kila mmoja na paketi yake. Zimerudi Sh 50,000 na pengo ni Sh 68,000. Kama 10 kati yao watarudi kila mwezi bila kutangaziwa tena, pengo litazibwa mwezi wa tatu baada ya hapo. Kwa maneno mengine, faida ya tangazo haiko kwa mteja wa kwanza bali kwa anayerudi, na anayerudi hana budi kuikuta kahawa.

Wengi huanguka hapo. Tangazo likifanikiwa na wateja wakafika 200 kwa mwezi, zinatakiwa kilo 50 za kahawa iliyokaangwa. Kahawa hupoteza karibu moja ya sita ya uzito wake kikaangoni, hivyo zinahitajika kilo 60 za kahawa safi, ambazo hutoka katika kilo zipatazo 120 za maganda. Kwa miezi tisa hadi msimu mwingine ni zaidi ya tani moja, nayo inapaswa kupatikana kwa njia halali wakati mnada unaendelea. Aliyemaliza mtaji wake kwa matangazo mwezi Juni hawezi kuinunua Desemba.

Kupokea oda za kahawa isiyokuwepo hakuna tofauti kubwa na butura, ile biashara iliyopigwa marufuku ya kununua kahawa ingali ua mtini. Tofauti ni kwamba safari hii anayelia si mkulima bali mteja wa Dar es Salaam.

Kwa hiyo wakati unaofaa ni baada ya msimu, mzigo ukiwa ghalani, na baada ya kuona wateja wa kawaida wanarudi wenyewe. Kabla ya hapo, WhatsApp Business yenye orodha ya bidhaa na bei hutumika bila malipo zaidi ya bando. Kuanza kulipia kuwe kwa Sh 5,000 kwa siku, wiki moja, mji mmoja. Kila mteja mpya aulizwe amepatia wapi habari, na jibu liandikwe daftarini pamoja na namba yake ya simu.

Daftari lina kazi nyingine pia. Intaneti ilipozimwa nchini wakati wa uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, duka lililokuwa Instagram pekee lilifungwa bila mwenyewe kutaka. Mwenye namba za wateja aliendelea kupiga simu za kawaida.

Na paketi zikibaki pungufu ya mauzo ya wiki mbili, tangazo lisimamishwe siku hiyo hiyo. Kulisimamisha hakuna gharama, na linaweza kuendelea mzigo ukifika.