Baiskeli ya Umeme: Breki Kwanza, Raha Baadaye



Siku hizi baiskeli za umeme zimeanza kuonekana katika njia zetu. Baiskeli hii ina betri, mota, na kisanduku kinachoongoza mota. Kwenye usukani pana mshiko wa mwendo, mfano wa mkono wa mafuta wa pikipiki. Ukiuzungusha, mota inavuta. Ukiuachia, inaacha.

Wenye baiskeli hizi wana malalamiko mawili. Mkono unachoka kushika mwendo safari nzima. Tena betri inakwisha upesi. Leo tutajifunza vifaa viwili vya kuondoa tabu hizo. Halafu tutajifunza cha tatu ambacho wengi wanakisahau, kumbe ndicho kinachookoa maisha.

1. Kisaidia-mguu

Hiki ni kipete chenye vipande vya sumaku. Huvishwa kwenye mhimili wa pedali. Karibu yake hufungwa kifaa kinachohisi sumaku. Ukikanyaga pedali, sumaku zinapita mbele ya kifaa, nacho kinapeleka habari kwenye kisanduku. Mota inaanza kukusaidia. Ukiacha kukanyaga, baada ya kitambo kidogo nayo inaacha.

Angalieni: mara nyingi kipete kina upande wake. Kikivishwa kinyume, mota haisaidii ukikanyaga mbele, na inaweza kuvuta pedali zikirudi nyuma.

Tufanye hesabu. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina nguvu hii:

36 × 10 = wati-saa 360

Mota ikitumia wati 240: 360 ÷ 240 = saa 1 na nusu.

Mguu ukisaidia, mota ikatumia wati 120: 360 ÷ 120 = saa 3.

Basi jasho lako kidogo limeongeza muda wa betri mara mbili.

2. Kishika-mwendo

Baadhi ya visanduku vina nyaya mbili za kazi hii. Zinaunganishwa na swichi ya kubonyeza. Ukibonyeza unapokwenda, mota inaendelea kuvuta hata ukiachia mshiko. Visanduku vingine havihitaji swichi. Ukishika mshiko pale pale kwa sekunde kadhaa, mwendo unajifunga wenyewe. Kisanduku kisicho na nafasi hiyo msikilazimishe.

3. Swichi ya breki

Mwanakisomo mmoja alituuliza, "Mwalimu, mwendo umejifunga, na mtoto akakatiza njia ghafla. Nifanyeje?"

Hilo ndilo swali la somo hili. Baiskeli ya kawaida ukiacha kukanyaga, hakuna kinachoivuta. Hii inaendelea kuvuta huku wewe unabana breki. Mnashindana, wewe na mota. Na nyuma, kwenye keria, umepakia mtu au madebe ya maziwa!

Dawa yake ni mkono wa breki wenye swichi ndani. Ukiubana kidogo tu, kisanduku kinakata nguvu ya mota. Swichi iwe kwenye breki zote mbili, kulia na kushoto.

Hatua za kufuata

1. Toa betri kabla ya kugusa waya wowote.
2. Funga swichi za breki kwanza.
3. Funga kisaidia-mguu, halafu kishika-mwendo.
4. Funga nyaya vizuri, zisiguse cheni wala maji.
5. Rudisha betri. Inua gurudumu lenye mota lisiguse chini. Funga mwendo, kisha bana breki ya kulia. Mota isipoacha kuvuta, usipande! Rudia kwa breki ya kushoto.
6. Jaribu kwanza mahali tambarare, pasipo na watu wala mzigo.

Kwenye mteremko, sokoni na karibu na shule, msitumie kishika-mwendo. Kazi yake ni kwenye njia ndefu iliyo wazi.

Fundi akikuambia, "Swichi ya breki tutafunga siku nyingine," mjibu, "Basi na kishika-mwendo tutafunga siku hiyo hiyo."

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini swichi za breki zifungwe kwanza?
2. Betri ya volti 48 na ampea-saa 10 ina wati-saa ngapi?
3. Katika kijiji chenu, ni njia zipi zisizofaa kishika-mwendo? Kwa nini?