SOMO: TANGAZO LIKISEMA "NYWELE HAZITAOTA TENA"

Ndugu msomaji, ukimsikia mtu pale soko la Keumbu akinadi krimu ya kuondoa nywele, akisema eti ukipaka mara moja haziti tena, usifungue kibeti haraka. Kwanza tujifunze.

1. Krimu hufanyaje kazi?
Nywele ni kama magugu shambani: mzizi uko chini. Kemikali ya krimu hulainisha unywele mpaka unakatika ukipangusa, lakini haiuui mzizi. Baada ya siku au majuma machache nywele zinarudi. Tena kemikali hiyo haichagui: ikikaa kupita muda ulioandikwa, inachoma ngozi.

2. Hatari iliyopata kutokea
Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930, krimu iitwayo Koremlu iliuzwa kwa sifa nyingi. Ndani yake mlikuwa na thaliamu, sumu ya panya. Nywele zilitoka kweli, hata za kichwani, na wanawake wengine wakapooza au kupofuka. Sheria ya huko ilikuwa haijagusa vipodozi mpaka mwaka 1938.

3. Sheria yetu yasemaje?
Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kuelezwa ukweli na kulindwa afya. Inadai pia sheria ya kufanya matangazo yawe ya haki, ya kweli na ya adabu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kuisifu bidhaa kwa faida isiyo nayo. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) hutoa alama ya ubora. Lakini kumbuka: alama ni ya bidhaa, si ya kila neno la mwenye kipaza sauti.

4. Tufanye nini?
(a) Kama haikuandikwa viungo na tarehe, iache.
(b) Tuma SM# na nambari ya kibali kwa 20023 uone kama alama ni halali.
(c) Paka kidogo mkononi, ngoja siku moja.
(d) Weka risiti na chupa. Ukiungua, osha kwa maji mengi, nenda hospitali na chupa hiyo. Bila chupa, utamshtaki nani, na kwa lipi?

Maswali ya kikundi
- Ni tangazo gani tumelisikia juma hili? Nani amelihakikisha?
- Binti zetu wanapaka nini, na tumewauliza?