Joto la Kompyuta na Kibao cha Peltier

Swali: Je, kibao cha Peltier chaweza kuipoza kompyuta bila ya feni?

Jibu: La. Kibao hicho chembamba, ambacho aghalabu hakizidi sentimita nne kwa nne na ambacho ndani yake mmepangwa vijiti vya mchanganyiko wa bismathi na teluri, kimepewa jina la Jean Peltier, Mfaransa aliyeuacha ufundi wa saa akashika elimu ya maumbile, naye ndiye aliyeibaini tabia yake mwaka 1834: umeme ukipita, upande mmoja hupoa na wa pili hupata moto, na ukizibadilisha nyaya zake mbili, nyekundu na nyeusi, pande nazo hubadilishana hali. Walakini joto halikufutwa, limehamishwa tu, na hamali hamalizi kazi asidai ujira. Prosesa itoayo wati 100, ikipozwa kwa kibao kilacho wati 100 nyingine, huutwika upande wa nje wati 200. Basi feni, badala ya kupumzishwa, huzidishiwa kazi maradufu.

Swali: Na kikipoza mno?

Jibu: Kitatoka umande. Hewa ya Mombasa ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kila kitu kilicho chini ya nyuzi 26 hulowa, na maji juu ya bodi ya kompyuta ni msiba.

Swali: Mbona basi tusiligeuze joto hilo kuwa umeme?

Jibu: Njia ipo tangu 1821, alipoona Thomas Seebeck kwamba pete ya madini mawili, ikipashwa moto katika kiungo kimoja, huitikisa sindano ya dira, na vyombo vya Voyager, vilivyorushwa angani 1977, hupata umeme wao kwa tabia iyo hiyo, kutokana na joto kali la plutoniamu. Lakini joto la kompyuta ni dhaifu. Baina ya prosesa yenye nyuzi 60 na chumba chenye nyuzi 30, kanuni ya Sadi Carnot hairuhusu kuvuna zaidi ya sehemu 9 katika 100, na kibao, kwa uhafifu wake, huambulia kama moja tu. Wati 100 zakupa wati moja, ambayo huenda isiizungushe hata feni yenyewe! Tena, madhali kibao huzuia joto lisipite upesi, prosesa huzidi kuungua.

Swali: Joto lapotea bure, basi?

Jibu: Hupotea kwa atakaye umeme, atakaye joto hunufaika. Katika mji wa Odense, Denmark, joto la kituo cha data cha kampuni ya Meta huongezwa nguvu kwa pampu, likapelekwa kwa mabomba kuzipasha nyumba za watu. Sisi wa pwani, ambao nyumba zetu hazina haja ya kupashwa moto, tukiachie kibao visanduku vidogo vya kubaridia vinywaji. Na mwenye fedha ya kukinunua kwa ajili ya kompyuta, anunue feni njema, abadilishe marhamu ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, na apanguse vumbi.