Kama Viraka Vinakuchosha, Shona Kitu Kingine



Mama mmoja wa hapa Karatu alikuja kliniki kupimwa shinikizo la damu. Nilipomaliza kumpima alifungua mkoba wake, akatoa kipande cha shuka la viraka na kukiweka mezani kana kwamba ananionyesha kidonda. "Nesi, mliniambia nitafute kazi ya mikono ya kunituliza moyo. Hii hapa. Tangu niianze kichwa kinaniuma, na wajukuu nawafokea ovyo."

Mama huyu alikuwa amefiwa na mumewe, na usingizi ulikuwa umemkimbia. Wenzake wa WAWATA walikuwa wamejifunza kushona mashuka ya viraka, naye akajiunga nao. Kwa asiyeifahamu kazi hii: mabaki ya vitenge yanayoachwa na mafundi cherehani hukatwa vipande vya ukubwa mmoja, vikaunganishwa kimoja kimoja hadi kupata uso wa shuka. Chini yake hutandazwa blanketi kuukuu, na chini kabisa kitambaa kizima, kisha tabaka zote tatu hushonwa pamoja kwa mishono midogo midogo. Likikamilika ni zuri na lina joto. Lakini huchukua miezi, na kipande kimoja kikikatwa upande, safu nzima hupinda.

Nitakiri kwamba mimi mwenyewe siipendi kazi hii. Niliwahi kuianza, nikaunganisha vipande kama ishirini, nikaviweka kwenye kikapu, na humo vimebaki. Kwa hiyo sikumwambia yule mama avumilie. Kazi tunayoifanya kwa ajili ya kujipumzisha haifai kuwa adhabu. Lakini kabla ya kuitupa, yafaa tujue kinachochosha ni viraka vyenyewe au ni mwili.

Nilimpa uzi na sindano. Akanyoosha mikono mbele kabisa, akakunja uso, akakosa tundu mara tatu. Jibu la kwanza lilikuwa hapo. Tukifikia miaka 40 hivi, jicho huanza kupoteza uwezo wa kuona vitu vya karibu. Huu si ugonjwa, wala hauletwi na kushona. Ni umri, na karibu kila mtu humfika. Dawa yake ni miwani ya kuonea karibu. Wengi huanza na namba ndogo, kama +1.00 au +1.50, kisha huongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Assam, India, kwa wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Waliopewa miwani hiyo walichuma zaidi ya wenzao kwa kiasi cha sehemu moja ya tano hivi. Ikiwa majani ya chai yanahitaji miwani, je, tundu la sindano? Pima macho kwanza, usinunue miwani kwa kubahatisha barabarani, maana macho mawili hayalingani daima, na mtoto wa jicho hautibiwi kwa miwani ya kusomea.

Mambo mengine ya mwili ni mepesi kurekebisha. Keti karibu na dirisha mchana badala ya kuinamia koroboi usiku. Weka kazi juu ya mto mapajani ili shingo isipinde. Kila baada ya nusu saa inua macho utazame mbali. Sisi tuna mlima Oldeani, nao hautozi kitu. Mwenye kisukari avae kastabini kidoleni na akague vidole vyake kila jioni, kwa kuwa ganzi humfanya asisikie alipojichoma, na kidonda chake huchelewa kupona.

Yule mama alipata miwani. Kichwa kikaacha kuuma. Alirudi baada ya majuma kadhaa, bado anachukia viraka!

Basi tukaongea juu ya tabia yake. Viraka vinampenda mtu wa kupima na kupanga, anayeweza kungoja mwisho wa mwaka ndipo aone matunda ya kazi. Yeye alitaka kitu cha kumalizika kwa siku mbili, kinachoingia mfukoni akienda jumuiyani, na asichohitaji kukihesabia huku akili imejaa majonzi. Nadhani wengi wanaodhani hawapendi kushona, kwa kweli hawapendi aina moja tu ya kushona.

Anayependa rangi na maua lakini hapendi kuunganisha, adarizi. Foronya moja inatosha kuanzia: chora ua kwa penseli, kaza kitambaa kwenye duara la mbao, tumia uzi wa rangi tatu tu. Ukikosea unafumua jani moja, si shuka zima. Anayependa mwendo na sauti ya cherehani, na hana subira ya sindano ya mkono, akate vitambaa vya hedhi kwa mabinti wa shule: pamba laini inayofyonza ndani, pande mbili zenye vifungo, vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa. Kazi hiyo inaisha asubuhi moja, nayo humwezesha binti kukaa darasani bila wasiwasi.

Na asiyeweza kukaa peke yake, awatazame majirani zetu wa Ngorongoro. Akina mama wa Kimaasai hukaa pamoja kivulini wakitunga shanga, mikono inakwenda na maneno yanakwenda. Wairaqw nasi si wageni wa kazi hiyo, maana zamani wasichana wetu walipamba sketi za ngozi kwa shanga wakiwa wametengwa na kufundishwa mila. Kwa mfiwa, nafikiri kikao chenyewe kina faida kuliko shanga. Nina onyo moja tu, kwa kuwa limenipotezea usingizi mara nyingi: shanga ziwekwe kwenye kopo lenye kifuniko. Watoto wadogo huziingiza puani na masikioni. Ikitokea, usichokoe kwa sindano wala kijiti, utaisukuma ndani zaidi. Mlete mtoto hospitali.

Yule mama nilimpeleka wodi ya wazazi. Ilikuwa Julai, na wanaokaa huku wanajua ukungu wa kingo za kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, unavyoteremsha baridi yake hadi kwetu. Kulikuwa na mtoto njiti amebebwa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, amefunikwa kanga, na kichwani amefungwa kipande cha kitambaa kilichokuwa kinavuka kila mara. Namna hii ya kumbeba mtoto ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za kuwatia joto watoto hazikutosha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa kwa watoto njiti na wenye uzito mdogo. Mtoto mchanga akipungua chini ya nyuzi joto 36.5 huanza kudhoofika: hanyonyi vizuri, sukari yake hushuka, pumzi huyumba. Kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili, nacho hupoteza joto jingi, hasa kikiwa kimelowa. Ndiyo maana tunamkausha, tunamweka kifuani mwa mama, tunamvika kofia, na hatumwogeshi kabla ya saa 24.

"Kofia tu?" aliuliza. Nikamjibu, kofia tu.

Siku hizi hununua sweta za mitumba mnadani, huzifumua, huosha uzi na kufuma kofia moja kwa jioni mbili. Usingizi umerudi kiasi. Dawa zake za shinikizo la damu anaendelea kuzimeza kila siku, wala asidhani mtu kwamba sindano inachukua nafasi ya kidonge. Anayeshindwa kulala au kula kwa majuma mengi, au anayewaza kujidhuru, aje tuzungumze, asisubiri kumaliza kofia.

Mwenye kutaka kumwiga, haya hapa. Chagua uzi laini usiowasha, ujaribu kwanza shavuni mwako. Kwa njiti mzunguko uwe sentimita 26 hadi 30, kwa mtoto aliyetimiza miezi yake 32 hadi 34, na kina kati ya 12 na 15. Iwe ya kunyumbuka, ikae bila kubana. Usiweke kifungo, utepe, ushanga wala kishada, kwani vinaweza kumnyonga au kumezwa. Mtoto akipata joto na kutoka jasho, avuliwe. Ikikamilika ifue, ianike juani, ifunge kwenye mfuko safi, na umkabidhi muuguzi wa zamu. Muulize kabla ya kuanza ukubwa upi umepungua, maana mara nyingi tunaletewa kubwa nyingi na ndogo hatuna.