TARAKILISHI YA GEMU AU KONSOLI: UNUNUE IPI?

Kupanga ni kuchagua, kama isemwavyo. Katika makala haya ningependa kukupa mwanga juu ya jambo linalozua ubishi mkali wakati wa mapumziko: mtu anayecheza gemu kidogo tu, tuseme Jumamosi jioni na siku chache za likizo, anunue tarakilishi ya gemu au konsoli? Simwandikii bingwa anayekesha akicheza. Namwandikia mwanafunzi wa shule ya kutwa kama mimi, ambaye akimaliza kazi za nyumbani na za shule husalia na saa chache mno.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Konsoli ni mashine iliyoundwa kwa ajili ya gemu, nayo huchomekwa kwenye runinga. Mifano ni PlayStation na Xbox. Mtaani zote tunaziita pleista tu! Tarakilishi ya gemu ni kompyuta kama zile za maabara, ila imetiwa kadi ya michoro yenye nguvu, yaani kile kipande kinachochora picha kwa kasi. Kadi hiyo ndiyo hupandisha bei.

Sasa tuzipime.

1. Urahisi. Konsoli ukiiwasha unacheza. PS4 zote za aina moja zina nguvu sawa, hivyo watengenezaji wa gemu hujua watakachokikuta ndani. Kwa tarakilishi ni lazima uulize kila mara: je, gemu hii itakubali kwenye mashine yangu? Hata hivyo, tarakilishi ina sifa yake: kipande kikizeeka, mara nyingi unaweza kubadilisha hicho tu.

2. Gemu zenyewe. Konsoli yenye tundu la diski ni rafiki wa maskini. Unanunua diski iliyotumika, unacheza hadi unachoka, kisha unaiuza au mnabadilishana na jirani. Lakini tahadhari! Xbox Series S haina tundu hilo. Kila gemu hupakuliwa kwa intaneti, na gemu kubwa kama Call of Duty huzidi gigabaiti 100. Hebu fikiria ni bando ngapi hizo!

3. Kucheza na walio mbali. PlayStation hudai malipo ya PlayStation Plus kwa gemu nyingi za kununua, ingawa za bure kama Fortnite hazidai. Kwenye tarakilishi kwa kawaida hakuna ada hiyo. Lakini ikiwa unacheza na ndugu zako sebuleni, pedi mbili na runinga moja zinatosha.

4. Stima. PS5 ikicheza gemu nzito hula takriban wati 200. Kwa hivyo saa 5 za kucheza ni uniti 1, bila kuhesabu runinga. Tarakilishi inayokula wati 400 humaliza uniti hiyo kwa saa mbili na nusu. Anayenunua tokeni ndiye ajuaye uchungu wake.

Jambo hili si mzaha kwetu nyumbani. Kaka yangu alimaliza kidato cha nne, na amekuwa akiweka akiba ya kununua mashine ya kutumia chuoni. Sasa anasema eti atanunua tarakilishi ya gemu, impe masomo na burudani kwa pamoja. Mama anauliza, na karo je? Mimi nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Tuseme kibandani mechi moja ni shilingi 20. Ukicheza mechi 3 kila wiki, hiyo ni shilingi 60. Kwa wiki 52 ni shilingi 3,120. Pesa hizo hazikaribii hata bei ya kadi nzuri ya michoro! Nikamwambia, "Kaka, nunua laptopu ya kawaida iliyotumika, uandikie kazi zako. Kandanda tutacheza kibandani." Bado anafikiria, lakini ile orodha ya kadi za michoro ameacha kuisoma mezani.

Basi uamuzi wangu ni huu. Ikiwa nyumbani mko wengi na mnataka burudani tu, konsoli iliyotumika yenye tundu la diski yawatosha. Ikiwa unahitaji mashine ya masomo, nunua kompyuta ya kawaida. Gemu ndogo ndogo zitakubali. Tarakilishi ya gemu mwachie anayecheza sana, au anayejifunza kuhariri video na kuunda gemu. Na ikiwa unacheza mechi 3 kwa wiki, usinunue chochote!

Anayecheza kidogo hahitaji nguvu nyingi. Kabla ya kumsumbua mzazi, hesabu kwanza saa zako za kucheza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini pia haba na haba hukimaliza.

Mwanachama, Kidato cha Tatu